Marinda ya Mwambani

Usiku wa bamvua, maji yamepwa hadi mwamba umetoa mifupa,
Sikudhani mbele na kurunzi, mimi nyuma na ndoo,
Mjimwema, nyuma ya hoteli iliyofungwa.
Tulifuata pweza. Pweza hatukumwona.

Tulimkuta yeye:
mwekundu, urefu wa kiganja na nusu,
kalala katika kidimbwi kisichofika goti
kama kitambaa kilichoporomoka mezani kwa fundi
asikiokote.

"Usiguse," Sikudhani akanong'ona.
"Kinachojipamba hivyo, usiku, peke yake, kina mwenyewe."
Nikachovya fimbo.
Akajikunjua.

Nimeshona miaka ishirini na sita.
Nimekata shifoni, satini, lesi inayoteleza kama uongo,
nimevalisha mabibi harusi wa huku na wa ng'ambo ya kivuko,
sijaona upindo ukifunguka vile:
ukingo uliokunjwa mgongoni ukaachia,
mwekundu, mweupe, mwekundu tena,
kisha mwili mzima ukawa wimbi,
ukapanda, ukashuka,
bila haraka, bila mfupa,
na ndoo yangu ikawa aibu mkononi.

Novatus, kijana wa utafiti kule Kunduchi,
huniletea mashati ambayo chumvi imekula vifungo.
Nilipomweleza aliacha shati, akachukua chaki yangu,
akachora kwenye karatasi ya vipimo,
juu kabisa ya kiuno cha Mama Skola.
"Huyu ni konokono," akasema.
"Konokono aliyehama nyumba."

Huanguliwa na gamba, dogo kuliko tundu la sindano,
akaelea nalo kwa muda, kama mpangaji.
Siku atakapokanyaga mwamba hulivua,
wala hageuki nyuma.

Sasa anajikinga na nini?

Hula sifongo, ile yenye sumu
ambayo wengine huipisha njia.
Sumu haimuui. Huitunza ngozini.
Samaki akimbugia mara moja atamtema,
na rangi ile ataikumbuka.

Nikacheka hadi pini zikanidondoka mdomoni.
Nilimjua mwanamke wa Keko
aliyelishwa maneno machungu miaka tisa.
Asubuhi moja alivaa nyekundu akakatiza sokoni,
na ulimi uliozoea kumramba ukarudi kinywani.
Gauni lile nilishona mimi. Hakunilipa. Sikumdai.

Mgongoni hubeba matamvua sita ya kupumulia.
Tamvua! Neno langu la kazini, naye analo.
Kamba mdogo hupanga humo, halipi kodi.
Kila mmoja wao ni bwana na ni bibi;
wakikutana wawili, wawili wote huondoka na mayai.
(Sikudhani aliposikia hilo alikaa kimya,
kisha akasema: "Hapo ndipo pana haki.")

"Na macho?" niliuliza.
"Hutambua giza na mwanga, basi.
Hajui kwamba ni mwekundu."

Hilo lilinikaa. Nilizima cherehani mapema siku ile.

Bamvua iliyofuata nilirudi peke yangu.
Hakuwapo. Alikuwa ameacha kazi yake:
utepe wa mayai, rinda juu ya rinda,
umezungushwa kama waridi na kugandishwa kwenye jiwe,
bila pini, bila solo, bila kupima mtu.
Pembeni kikonokono cheupe, ukubwa wa ukucha,
kilikuwa kinautafuna upindo, taratibu,
kama mteja anayekagua mshono.
Nilitaka kukifukuza. Nikajiuliza, mimi ni nani hapa?
Maji yalishanifika kwenye vifundo.

Kariakoo nilinunua satini nyekundu, mita nne.
Nilikata mshazari, nikafumua, nikakata tena.
Mama Skola alizunguka mbele ya kioo mara tatu,
marinda yakapanda, yakashuka.
"Hii umeiga kwa nani?"
"Kwa mmoja asiye na nyumba."

Lakini kiunoni lilimbana.
Namba ilibaki chini ya mchoro.